Mlima wa Kolo bado una wenyewe

Shikamooni wazee. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na vijana wote mambo vipi. Nimepewa nafasi niongee kuhusu Kolo na michoro ya mlimani, nawashukuru sana waliofikiria jina langu, na nitaongea Kiswahili chetu hiki hiki cha kila siku ili hata mdogo wangu wa darasa la tano aliyekaa pale mbele aondoke na kitu.

Kwa wageni wetu, Kolo ndio hapa mlipo. Ukitoka Kondoa mjini unashika lami ya kwenda Babati na Arusha, kilomita 20 na kitu hivi, unaona maduka, unaona ofisi ya Mambo ya Kale, basi linashusha abiria wawili watatu linaondoka na wewe umeshapita. Watu wengi sana wanapita hivyo hivyo maisha yao yote, Dodoma Arusha, Arusha Dodoma, na hawajui kwamba ukiiacha lami ukavuka ule mto wa mchanga ukapanda mlima kwa miguu, unafika kwenye kuta za jabali zilizochorwa na watu kabla sisi Warangi hatujawa na jina hapa.

Nina jambo moja tu leo na mengine yote yatalizunguka hilo. Ile michoro haijafa. Tumezoea kuambiwa ni vitu vya watu waliokwisha, vimebaki kwa ajili ya watalii na kamera zao, na sisi wenyewe tumeanza kuongea hivyo. Mimi nasema hapana, mlima ule una wenyewe mpaka leo, na shida zake nyingi zinaanzia pale tunapouchukulia kama hauna.

Tuanze na kilichopo ukutani. Pale Kolo kuna sehemu tatu kubwa ambazo watafiti wameziita B1, B2 na B3, hayo ni majina ya kwenye madaftari yao, wazee wetu wao wanapajua kwa jina la Mungomi wa Kolo. Jabali limetokeza mbele likafanya paa, chini yake ukuta umesimama wima, mvua haiufikii vizuri na jua haliupigi siku nzima, ndio maana rangi imedumu. Ukifika mara ya kwanza unaweza usione kitu kabisa, unaona jiwe lina madoa mekundu basi, ila kaa dakika kadhaa macho yazoee, ndipo wanaanza kutokea. Anatokea twiga, anatokea tembo, anatokea pofu, yule swala mkubwa. Halafu wanatokea watu, na hao watu ndio walionishika mimi mpaka leo: warefu, wembamba mno, miili imejazwa mistari myembamba iliyofuatana, na vichwani wana kitu kikubwa cha duara ambacho wengine wanasema ni nywele na wengine wanasema ni vazi la ngoma. Angalieni ule mstari. Unatoka begani unashuka mpaka mguuni haujakatika, juu ya jiwe lenye makwaruzo, kwa rangi isiyofutika ukikosea. Yule alikuwa fundi, tena fundi aliyefundishwa na fundi mwingine, maana mkono wa namna ile hauji kwa bahati.

Na rangi yenyewe ni ya hapa hapa. Nyekundu ni ngeu, ule udongo wenye chuma ndani yake, unasagwa mpaka unakuwa unga halafu unachanganywa na kitu cha kuushikisha kama mafuta ya mnyama. Hakuna kilichoagizwa mbali. Mlima ulitoa ukuta na ulitoa rangi.

Kuna picha moja ya Kolo imezunguka dunia nzima, wengi mmeiona kwenye mabango bila kujua ni ya kwenu. Wapo watu watano wamesimama, mmoja katikati ameshikwa mikono, huku upande mmoja wanamvuta na huku upande wa pili wanamvuta. Mary Leakey, yule mama mtafiti aliyekuja hapa na mumewe Louis mwaka 1951 wakakaa miezi wakinakili michoro, yeye aliiona kama mwanamke anatekwa, wawili wanamchukua na wawili wanamkatalia. Baadaye wakaja wengine wakasema subiri kwanza, hii siyo vita, hii ni ngoma, huyu wa katikati amepandwa na hali na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili na nitawaambia kwa nini.

Waliochora ile michoro myekundu ni watu wa uwindaji na kuokota matunda, na watafiti wengi wanawahesabu kuwa ndugu wa damu wa Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Wahadzabe wako kule ziwa Eyasi, lakini Wasandawe ni majirani zetu kabisa, wako Kwa Mtoro, wako Farkwa, tulikuwa nao wilaya moja mpaka Chemba ilipojitenga. Tunakutana nao mnadani, tunawasikia wakiongea ile lugha yao yenye milio ya kugonga ulimi, na bado kuna watu hapa wanawaongelea kama vile ni watu wa nyuma wasio na kitu cha kutufundisha, jambo ambalo linaniuma sana kwa sababu ukweli ni kwamba katika kundi la watu wote wanaoishi hapa, wenye haki ya kwanza ya kuuelezea ule ukuta ni wao.

Wasandawe wana ngoma yao inaitwa simbo. Inachezwa usiku, watu wanacheza kwa muda mrefu mpaka wengine wanaingia kwenye hali nyingine, wanakuwa simba, wanapambana na uchawi uliowaingilia watu wao. Waliopitia hali hizo sehemu nyingi duniani wanasimulia kwamba mwili unajisikia kama unavutwa unarefuka, kichwa kinakuwa kikubwa, nywele zinasisimka. Sasa rudi ukutani uwaangalie wale watu warefu wenye vichwa vikubwa, halafu mwangalie yule wa katikati aliyeshikwa mikono, uniambie kama huoni ngoma. Na watafiti waliokaa na Wasandawe karne iliyopita walikuta bado wapo waliokuwa wanachora kwenye miamba, na wakakuta koo zao zina vilima na mapango ya kutolea sadaka. Yani ule mnyororo umefika mpaka kwa watu ambao babu zetu waliwaona kwa macho.

Na si mambo ya zamani tu, mwaka 2018 huko huko usandaweni kwenye pori la akiba la Swaga Swaga, mtafiti mmoja kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alifika kwenye ukuta unaoitwa Amak'hee 4, akakuta picha nyekundu zimejaa, na katikati ya hizo kuna watu watatu ambao vichwa vyao vinafanana na vichwa vya nyati. Taarifa yake ikatoka 2021 na ulimwengu ukashtuka. Mimi sikushtuka, nilifurahi, maana inaonyesha milima yetu haijamaliza kuongea.

Kuhusu umri, watu hupenda kuuliza ni miaka mingapi. Rangi ni ngumu kuipima na wataalamu bado wanabishana, ila UNESCO wameandika kwamba kuta hizi zimechorwa kwa miaka isiyopungua 2,000, na wapo wanaokwenda mbali zaidi ya hapo sana. Kinachoweza kupimwa ni kilicho chini. Pale Kisese, ambako wengine mna mashamba, Ray Inskeep alichimba mwaka 1956 chini ya ukuta wenye michoro, na vitu vile vilipokuja kupimwa tena miaka ya karibuni, zikaonekana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Arobaini elfu, jamani. Mtu alikaa kwenye kilima chetu akatoboa ganda la yai akavaa shingoni, kabla hakuna mji wowote mnaousoma kwenye vitabu vya historia.

Sasa juu ya nyekundu kuna nyeupe. Nendeni Pahi, kule chini ya mteremko, mtaiona vizuri, picha nyeupe nene zimepigwa kwa kidole juu ya zile nyekundu, kuna wanyama, kuna alama, kuna maumbo tu. Hizo ni za watu waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji, watu wa Kibantu, yani upande wetu. Wageni wengi wakiziona wanasema hizi nyeupe mbaya, zimeharibu zile nzuri. Mimi naomba tusiongee hivyo. Ukimkuta mwenzako amekutangulia mahali pa maombi na ukaweka chako juu ya chake, hujamdharau, umekubali kwamba aliona sawa, kwamba hapa ndipo. Wangeweza kuchora kwenye jiwe jingine lolote, mawe Kondoa hayajawahi kuwa shida. Walichagua lile lile.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Mungomi. Wazee waliopo hapa wanajua kuliko mimi na nitaongea kwa adabu. Mvua ikikataa, watu wanapanda. Mtu akiumwa ugonjwa usioeleweka, anapanda na mganga wake. Anachinjwa mnyama, kuna pombe ya nafaka, kuna maneno yanayosemwa na wenye haki ya kuyasema. Pombe nyingine inarushwa ukutani, inaangukia kwenye michoro. Si kwa bahati mbaya, ndivyo inavyofanyika, sadaka inapelekwa pale nguvu ilipo.

Mnaona tatizo linapoanzia? Mtaalamu wa hifadhi akiona pombe inatiririka juu ya mchoro wa miaka elfu na zaidi, moyo wake unasimama, na ana sababu, maana kweli inaacha doa na kweli baada ya miaka inaharibu rangi. Mzee naye akiona geti na mtu wa risiti anamwambia hapa ni mali ya serikali usiguse, moyo wake nao unasimama. Mtanzania mwenzetu Emmanuel Bwasiri ameandika kuhusu jambo hili akaeleza kwamba sheria yetu ya mambo ya kale, ile ya 1964, ilitungwa kulinda vitu, jiwe, ukuta, jengo, haikuwafikiria watu ambao bado wanakitumia kitu chenyewe. Ndio maana tambiko likaanza kuhesabiwa kama uharibifu, na watu wakaanza kupanda kwa kujificha. Halafu mwaka 2006 UNESCO wakaiweka Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336, na moja ya sababu walizoandika ni hiyo hiyo kwamba baadhi ya mapango bado yanatumika na wenyeji kwa ibada zao za mvua na uponyaji. Kwa hiyo dunia inatusifu kwa jambo ambalo mwenyeji anaogopa kulifanya mchana. Hili lazima tulimalize.

Najua kuna watakaoniambia, ndugu, sisi ni Waislamu, wengine Wakristo, hayo ya matambiko ni ushirikina unataka kuturudisha wapi. Nawaelewa, nyumbani kwetu pia tunaswali. Simwambii mtu apande kutambika kama dini yake inamkataza. Ninachosema ni kwamba kama mlima huu umekuwa mahali pa maombi kwa Wasandawe, kwa Warangi, kwa majirani zetu Wasi, yani Waalagwa, ambao sifa yao ya kuomba mvua kila mtu anaijua, basi tuuheshimu kama tunavyoheshimu mahali pa maombi pa jirani ambaye hatusali naye. Huendi kuchora jina lako kwenye ukuta wa msikiti, huendi kuchora kwenye kanisa. Mbona kule unachora?

Maana tukiacha pombe ya wazee, ambayo inarushwa siku chache na kwa sababu, njooni tuangalie uharibifu mwingine ambao hauna hata maombi ndani yake. Majina yamekwaruzwa kwa jiwe na kwa mkaa, fulani anampenda fulani. Kuna tabia ya kumwagia maji kwenye michoro ili rangi iwake vizuri kwenye simu, wengine wanaofanya hivyo ni wale wale wanaojiita maguide, na maji yakikauka yanaacha chumvi na ukungu mweupe ambao hautoki, unafunika picha kidogo kidogo kila mwaka. Ng'ombe wanapumzika kivulini wanajikuna ukutani, vumbi linapanda. Na mashimo.

Niseme kuhusu mashimo maana hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mnajua mwaka 1916 vita ya Mwingereza na Mjerumani ilifika Kondoa, walipigana sana hapa, na tangu hapo kuna uvumi kwamba Mjerumani alipoondoka alificha dhahabu na hela milimani na akaweka alama. Sasa mtu anaona mchoro, anasema hii ndiyo alama. Anakuja usiku na sururu na mganga wa kumwonyesha, anachimba chini ya ukuta. Ndugu zangu, michoro ile ilikuwepo kabla Mjerumani hajawa na nchi, inawezaje kuwa ramani ya mali yake? Na kile kinachochimbwa na kutupwa pembeni ndicho cha thamani, yale majivu, mifupa, vipande vya mawe, shanga kama zile za Kisese, vimepangwa chini tabaka kwa tabaka, ukishavichanganya kwa sururu usiku mmoja hakuna mtaalamu duniani atakayevisoma tena. Anayemjua mtu anayechimba amseme. Namaanisha hivyo.

Kuna ushahidi wa tulichopoteza. Nakala alizofanya Mary Leakey mwaka 1951 zipo, alinakili picha zaidi ya elfu moja za Kondoa kwa saizi yake halisi na rangi zake, na ukizilinganisha na kuta za leo unaona mahali ambapo yeye aliona mtu mzima sisi tunaona mguu. Hiyo ni ndani ya umri wa mzee mmoja. Kuta zilizokaa karne na karne na watu wakiishi chini yake, wakipika, wakicheza ngoma, wakitambika, zimepata hasara kubwa katika miaka hii ambayo tumesema tunazihifadhi.

Lakini nisiwavunje moyo, kwa sababu wilaya hii inajua kurudisha kitu kilichokuwa kinakufa. Wazee wanakumbuka hii milima ilivyokuwa miaka ya 70, makorongo yanameza mashamba, udongo mwekundu unashuka na maji mpaka unafukia mito. HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ikaanza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, na watu waliumia sana, kuna familia zilipoteza mwelekeo kabisa na hilo halikusemwa vya kutosha. Ila miti ilirudi. Mkipanda leo mnapanda kwenye miombo, na ile miti inazuia upepo na vumbi kufika kwenye kuta. Kosa la wakati ule lilikuwa mwenyeji kuamriwa badala ya kuulizwa, na naomba tusilirudie kosa hilo kwenye michoro.

Kwa hiyo naomba haya. La kwanza, wazee wenye tambiko wakae meza moja na watu wa Mambo ya Kale, kwa jina na kwa kiti, siyo kuitwa siku ya mgeni wa heshima kuja kupiga picha nao. Waongee wao kwa wao. Kuna wazee nimewasikia wakisema pombe inaweza kumwagwa chini, kwenye jiwe la mbele, na sadaka ikapokelewa vile vile, lakini hilo ni lao kuliamua, si langu na si la ofisi. Na siku za tambiko zijulikane, watalii wasipandishwe siku hizo, wapelekwe Fenga wakaone ile picha ya tembo aliyenaswa mtegoni akiwa amezungukwa na watu, nayo ni nzuri sana na haina shughuli.

La pili, vijana wa kuongoza wageni. Mkitaka kuwa maguide jifunzeni, na mwalimu wenu mmoja awe Msandawe. Tuwaalike, tuwalipe, watufundishe simbo ni nini na vilima vyao vya ukoo vinaheshimiwaje. Guide wa Kolo asiyejua habari ya Wasandawe anamwambia mgeni nusu ya habari. Na chupa ya maji ni ya kunywa, mtu akikuomba umwagie ukutani apate picha nzuri, mkatalie, hata akikupa hela ya juu.

La tatu ni hela yenyewe. Mgeni analipa kiingilio, na kijiji kina haki ya kujua kinachoingia na kinachobaki hapa. Mwananchi anayeona faida ya mlima kwenye zahanati yake hamfichi mchimba mashimo.

Tumeandika barua ya kuomba hilo la kwanza, la wazee kuingia rasmi kwenye usimamizi wa Mungomi. Iko pale mezani kwa mwenyekiti wa kijiji, ni kurasa mbili, itasomwa kwa sauti kwa Kiswahili na kwa Kirangi kabla mtu hajasaini, na asiyeandika wino wa dole gumba upo. Wazee watangulie, sisi wengine tupange foleni nyuma yao.